Kurudisha honi ya Datsun 1200 kwenye usukani wake

Mzee mmoja wa Likoni aliniletea pikapu yake ya Datsun 1200 ikiwa na kitufe cha kengele ya mlango kwenye dashibodi. Ndiyo ilikuwa honi yake. Aliyemfungia honi mpya alijaribu kuiunganisha na usukani, ikakataa kulia, akachukua drili. "Mwanangu," mzee akaniambia, "mtoto akikatiza barabara, mkono wangu huenda katikati ya usukani. Siwezi kuanza kutafuta kitufe." Anasema kweli, na mimi huumia nikiona dashibodi ya gari la miaka ya sabini imetobolewa bila sababu. Njia ya honi imo tayari ndani ya nguzo ya usukani. Kazi ni kuifufua.

Anza kwa kuelewa umeme unavyopita. Kwenye gari hizi usukani hautoi moto, yaani umeme wa chanya. Moto unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, unafika kwenye honi, au kwenye rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo) kama gari inayo, na kungoja hapo. Usukani unatoa ethi tu, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi. Waya mmoja unapanda na nguzo hadi kwenye brashi ndogo yenye springi, na brashi hiyo inagusa pete ya shaba iliyo mgongoni mwa usukani. Pete inazunguka, brashi imetulia. Ukibonyeza, pete inagusana na kitovu cha usukani, kitovu kimeshika shafti, na shafti inaishia kwenye bodi. Honi inalia.

Sasa tazama honi iliyonunuliwa dukani. Honi ya zamani ina miguu miwili ya waya. Baadhi ya zinazouzwa siku hizi zina mguu mmoja, kwa kuwa ethi zinaichukua kwenye mkono wa chuma unaofungwa bolti. Honi ya mguu mmoja ukiiunganisha na waya wa usukani haitalia hata ubonyeze mpaka jioni, maana unaipa ethi juu ya ethi. Hapo ndipo yule fundi alipokwama. Dawa yake ni rilei ya miguu minne, ambayo haigharimu sana.

Unganisha hivi. Kutoka betri peleka waya wa milimita za mraba 2.5 kwenye fyuzi ya ampea 15, kisha mguu wa rilei ulioandikwa 30. Mguu wa 87 uende kwenye honi. Mguu wa 86 upewe moto uliopita kwenye fyuzi hiyo hiyo, na 85 uunganishwe na waya wa nguzo. Kuanzia hapo brashi na pete havibebi tena mzigo wa honi, vinabeba umeme mdogo wa koili ya rilei, ambao haufiki hata nusu ampea. Shaba ya miaka hamsini itakushukuru.

Kabla hujafungua usukani, toa waya wa hasi kwenye betri na uweke magurudumu yanyooke. (Maelezo haya ni ya usukani usio na eabegi. Wenye eabegi usiuguse.) Ondoa kifuniko cha katikati: chungulia kwanza nyuma ya mikono ya usukani kama kuna skrubu, usivute kwa nguvu. Legeza nati bila kuitoa yote, iache kwenye nyuzi chache, kisha piga alama kwa msumari kwenye shafti na kwenye kitovu ili urudishe palepale. Ukiitoa nati kabisa halafu uvute, usukani utakuja wote usoni. Ukikataa, tumia pula, kifaa cha kuvutia usukani. Usigonge shafti kwa nyundo, utaumiza nyuzi na beringi ya nguzo.

Hapa Mombasa chumvi ya hewani haina huruma. Pete ya mzee ilikuwa ya kijani. Niliisugua kwa msasa laini mpaka ikang'aa, nikapaka grisi kidogo sana. Brashi ilikuwa imelika hadi chini, nikaweka ya kaboni ya mota ya waipa, nikaichonga ikaingia na kutembea vizuri na springi yake. Usiweke kipande cha chuma kigumu, kitakwangua pete.

Chukua mita ya kupimia umeme. Kati ya pete na kitovu pasiwe na njia yoyote mpaka ubonyeze. Ikiwa ipo, honi italia yenyewe barabarani, na mara nyingi ni kikombe cha plastiki kinachotenga pete na kitovu ambacho kimepasuka. Halafu pima kati ya shafti na bodi, hapa njia lazima iwepo, na hiki ndicho kipimo ambacho watu hukiruka. Gari likiwa na kapilingi ya mpira (kiungo cha shafti) chini ya nguzo, mpira haupitishi umeme, kwa hiyo lazima pawe na waya mfupi unaouvuka. Waya huo ukikatika, utabadilisha honi tatu bure. Wa mzee ulikuwa umekatika. Nilisuka mwingine laini, nikauachia ulegevu wa kutosha ili usivutike usukani ukikatwa hadi mwisho.

Unaporudisha usukani, angalia vidole vya kuzimia indiketa viingie kwenye nafasi zake, la sivyo utavivunja. Kaza nati, rudisha betri, halafu zungusha usukani kutoka kona hadi kona huku umebonyeza. Sauti ikikatika sehemu moja, pete ina uchafu hapo, fungua tena. Honi ikilia bila kubonyezwa ukiwa unakata kona, kuna waya umechubuka ndani na unagusa chuma.

Tundu la kile kitufe nililiziba kwa kizibo cha mpira mweusi. Mzee alibonyeza mara moja tu, katikati, akawasha gari kuwahi feri.