Amsha hamira kabla ya kugusa unga

Kwa baridi ya Julai hapa Arusha, maandazi yangu yalikuwa hayaumuki mpaka nilipoanza kufanya hivi: koroga hamira na kijiko cha chai cha sukari kwenye nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu (nyuzi 35 hadi 40, yasiyochoma kidole), funika, subiri dakika 10. Likipanda povu, kanda. Lisipopanda, usiharibu unga wako.

Hamira ni seli hai, na povu lile ni dalili kwamba zinakula. Ndani ya donge oksijeni huisha haraka, hivyo seli huvunja glukosi bila oksijeni na kuambulia ATP (molekuli zinazobeba nishati ya seli) 2 tu kwa kila molekuli ya glukosi, ilhali kwa oksijeni zingepata nyingi zaidi. Kwa hiyo huvunja sukari nyingi mno, na kabonidioksidi inayotoka ndiyo huumua unga. Inapendeza sana kuitazama!

Haitafanya kazi maji yakiwa ya moto: kwenye nyuzi 60 hamira hufa. Sukari ikizidi nayo hufyonza maji kutoka kwenye seli, zikazubaa. Chumvi tia baadaye, pamoja na unga.