Jinsi ya kuisoma habari ya nyumba yenye mizuka

Shika kalamu kwanza. Isome habari yote mara moja, kisha rudi mwanzo ukipigia mstari kila "inasemekana", "inadaiwa" na "majirani wanasema". Halafu soma tena, safari hii ukiruka kila sentensi yenye mstari. Mara nyingi utabaki na nyumba kuukuu na picha iliyopigwa wakati wa magharibi. Ile miduara myeupe inayoelea pichani isikutishe: ni vumbi lililomulikwa na mwanga wa kamera likiwa karibu na lenzi.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: tafuta aya ya fundi. Nimekuwa mhariri wa habari kwa miaka mingi. Usiku mmoja mwandishi aliniletea habari ya nyumba inayogongagonga kuta kila ifikapo saa nane. Aya ya mwisho ilikuwa ya fundi bomba aliyeeleza kwamba bomba la maji ya moto linapopoa hunywea na kusugua mbao zinazolishikilia, ndipo zile sauti hutoka. Ukurasa ulikuwa umejaa, na ukurasa ukijaa sisi hukata kuanzia chini. Nikamkata fundi, mzuka ukabaki. Wiki iliyofuata mwenye nyumba, mama mjane, alikuja ofisini na gazeti lile limekunjwa mara nne mkononi. Wapangaji walikuwa wamekataa hata kuingia kuangalia vyumba. Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo naona aibu.

Kwa hiyo uliza: nani aliingia humo kupima chochote? Wakati mwingine swali hilo huokoa maisha. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika kuhusu familia iliyosikia nyayo na kuona watu wasiokuwapo, huku vichwa vikiwauma na mimea ya ndani ikinyauka. Tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu, likiwavutisha monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Tanuri lilipotengenezwa, mizuka ikakoma. Basi ukisoma kwamba watu wa nyumba nzima wanaumwa kichwa na kulegea, na unawafahamu, usingoje toleo la kesho. Waambie watoke nje sasa hivi, na jiko au tanuri likaguliwe kabla hawajarudi kulala.

Kisha fuata pesa. Nyumba ya Amityville, New York, ilipata umaarufu baada ya familia moja kuikimbia ilipokwisha kukaa siku 28 tu. Kwamba watu sita waliuawa humo mwaka 1974 ni kweli kabisa. Lakini kitabu kilichouzwa mwaka 1977 kama kisa cha kweli kina upande wa pili: mwaka 1979 William Weber, wakili aliyemtetea muuaji, alisema hadharani kwamba hadithi ile yeye na familia ile waliitunga pamoja wakinywa mvinyo. Familia ile haikukubali, ilishikilia kauli yake. Walionunua nyumba baadaye walilalamikia wageni waliokuja kuchungulia. Habari ikikutajia siku 28 bila kumtaja Weber, ujue umepewa nusu.

Na ukiambiwa "hata mahakama imethibitisha", tafuta hukumu yenyewe uisome. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa New York iliandika kwamba, kisheria, nyumba fulani ina mizuka. Magazeti yanaipenda sana sentensi hiyo! Ukweli ni kwamba mwenye nyumba alikuwa ameitangaza mizuka yake magazetini, kisha akaiuza nyumba bila kumwambia mnunuzi. Mahakama ilisema hawezi kuikana sasa. Mizuka yenyewe haikupelekwa kizimbani, wala hakuna aliyeipima.

Tazama pia tarehe, na kama magazeti matano yanarudia maneno ya shahidi yule yule, mhesabu kuwa mmoja.

Ukiwa umefika mwisho na fundi humwoni, mwandikie mhariri. Sisi huwa tunazisoma barua hizo. Mwulize jambo moja tu: ni nani aliyepanda darini na tochi, saa ngapi, na alikuta nini?