Lenzi ya Zamani kwenye Kamera Mpya: Namna ya Kuifunga kwa Adapta na Kupata Picha Kali

Mjomba wangu alisoma Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba kule Moscow. Aliporudi Tanga alikuja na begi la vitabu na kamera moja ya Zenit-E. Kamera yenyewe ilishakufa zamani, shata imekwama na hakuna fundi aliyetaka kuigusa. Lakini lenzi iliyokuwa mbele yake, Helios 44-2 ya milimita 58, iko hai mpaka leo, na ndiyo ninayoitoa kwenye begi nikitaka kumpiga bibi harusi picha ya uso. Naifunga kwenye Sony A7 II, kamera isiyo na kioo ndani, kwa adapta ya chuma isiyozidi upana wa vidole viwili.

Wenzangu wengi wana lenzi kama hizi majumbani, zimeachwa na baba au babu, na wanadhani ni za makumbusho. Naandika mwongozo huu kwa ajili yao. Nitatumia Helios kama mfano, kwa kuwa ndiyo ninayoijua kwa vidole, lakini njia ni ileile kwa Nikkor, Takumar, Canon FD na nyinginezo.

Kwanza elewa kwa nini inawezekana

Kila kamera ina umbali wake maalumu kati ya pete ya chuma inayoshika lenzi na mahali picha inapotua, iwe ni filamu au sensa. Lenzi hutengenezwa kwa kufuata umbali huo. Kamera za zamani zilikuwa na kioo kinachonyanyuka kila unapobonyeza, kwa hiyo zilihitaji nafasi kubwa ndani. Nikon F ina milimita 46.5. Lenzi za kuzungusha kama kifuniko cha chupa, zinazoitwa M42, ambazo ndizo za Zenit, Praktica na Pentax za zamani, zinataka 45.46. Minolta MD ni 43.5, Canon FD ni 42.

Kamera mpya zimeondoa kioo, na sensa imesogea mbele. Sony E ni milimita 18 tu, Fujifilm X ni 17.7, Canon RF ni 20, Nikon Z ni 16. Chukua 45.46 utoe 18, unabaki na 27.46. Huo ndio urefu wa adapta yangu. Ni bomba tupu lenye urefu sahihi, ndani yake mna hewa.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini lenzi za Canon FD zilitupwa makabatini kwa miaka mingi. Mwaka 1987 Canon ilihamia mfumo wa EF wenye milimita 44. FD inataka 42, na huwezi kutengeneza adapta yenye urefu wa chini ya sifuri. Zilibaki yatima hadi kamera zisizo na kioo zilipokuja.

Hatua ya 1: Kagua lenzi kabla hujanunua adapta

Vua vifuniko vyote viwili, fungua apacha (tundu linalopitisha mwanga ndani ya lenzi) mpaka mwisho, kisha mulika tochi ya simu kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele, kwa pembe. Usiogope vumbi. Chembe kumi za vumbi hazionekani kwenye picha, wala mkwaruzo mmoja mdogo wa mbele. Unachotafuta ni fangasi, vinyuzi vyembamba vinavyotambaa kama utando wa buibui, mara nyingi kuanzia ukingoni. Sisi wa pwani tunaijua vizuri, hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Ikiwa imeanza tu, fundi anaweza kuisafisha. Ikiwa imekaa miaka, huwa imekula ule mpako wa rangi juu ya kioo, na alama haitoki.

Kitu kibaya zaidi ni ukungu ndani ya vioo, kama pumzi iliyoganda. Ukungu hupausha picha yote, na watu humlaumu mpiga picha wakati kosa ni la lenzi.

Kisha zungusha apacha na uangalie mabapa yanavyofunga. Helios 44-2 ina mabapa manane. Yakiwa na mng'ao wa mafuta, kwenye lenzi hii si neno, maana unayasukuma kwa mkono. Kwenye lenzi zinazofunga zenyewe kwa springi, mafuta huyafanya yachelewe. Mwisho zungusha pete ya fokasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikiwa nzito kama inavuta asali, grisi yake imekauka. Inatumika, ila itakuchosha.

Kuna jambo moja kuhusu Super-Takumar ya milimita 50 f/1.4 (namba ya f hupima apacha: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Matoleo mengi yake yana kioo chenye thoriamu, na kwa miaka hugeuka rangi ya chai ya rangi. Usiiuze kwa bei ya kutupa. Mwanga wa jua huirudisha: iweke dirishani wiki kadhaa. Lakini ziba upande wa nyuma kwa karatasi ya aluminiamu na usiiache karibu na pazia, kwa maana lenzi juani huwasha moto kama kioo cha kuchomea karatasi. Mionzi ya thoriamu ni midogo na kuipigia picha hakuna shida. Usithubutu tu kuvunja au kusaga kioo chake.

Hatua ya 2: Tambua mdomo wa lenzi

Mdomo ni ile sehemu ya nyuma inayoshikana na kamera. Ukiona uzi wa skrubu, upana wake milimita 42, hiyo ni M42. Ukiona kucha tatu, ni mdomo wa kuzungusha kidogo na kunasa, na hapo lazima ujue jina la kampuni, maana Nikon F, Pentax K na Minolta hufanana machoni lakini haziingiliani.

Adapta huuzwa kwa majina mawili, la lenzi kwanza na la kamera baadaye. Yangu inaitwa M42–Sony E. Ukigeuza majina utaletewa kitu kingine, au utaambiwa hakipo.

Kuna mitego mitatu. Lenzi za Nikon zenye herufi G hazina pete ya apacha, kwa hiyo tafuta adapta yenye pete yake ya kuifunga. Lenzi za Canon EF hufunga apacha kwa umeme, na bomba tupu haliziwezi, zinataka adapta yenye mguso wa umeme. Lenzi nyingi za M42 zina kipini nyuma kinachobonyezwa ili apacha ifunge. Kama lenzi ina swichi ya A (kujifunga yenyewe) na M (kwa mkono), iweke M na umemaliza. Kama haina, nunua adapta yenye ukingo wa ndani unaobonyeza kipini. Helios 44-2 haina kipini kabisa, ndiyo maana nampendekezea kila anayeanza.

Kwa wenye Canon FD: adapta yake huwa na pete ya kufunga na kufungua. Baada ya kuingiza lenzi, izungushe upande wa kufunga, la sivyo utazungusha apacha siku nzima na mabapa yasisogee.

Hatua ya 3: Chagua adapta, kisha ijaribu usiku

Hapa ndipo nilipoumia. Adapta yangu ya kwanza niliinunua kwa muuzaji ambaye bei zake zilikuwa chini kuliko wote. Picha za karibu zilitoka safi, sebuleni, mtu mita mbili. Wiki iliyofuata nilipiga maharusi ufukweni, na kila picha ya mbali ilikuwa laini. Muuzaji aliniambia lenzi ya mjomba ndiyo mbovu. Nilikaribia kumwamini.

Jioni moja nilikwenda Raskazone, ufukweni Tanga, na kigoda na mguu wa kamera. Meli zilikuwa zimetia nanga nje, taa zimewashwa. Nikaizungusha fokasi mpaka mwisho kabisa, kwenye ile alama ya nane iliyolala, nikakuza picha kwenye skrini. Kila taa ilikuwa kiduara kama sarafu. Pete ilikuwa imefika mwisho na duara halikutaka kuwa nukta. Nikaazima adapta ya mwenzangu, lenzi ileile, meli zilezile. Taa zikawa nukta. Adapta yangu ilikuwa ndefu mno, pengine kwa unene wa kucha.

Basi jaribio lako liwe hilo: taa ya mbali, mnara wa simu au nyota, apacha wazi kabisa, picha imekuzwa. Taa zikikataa kukaza hata pete ikifika mwisho, adapta ni ndefu, irudishe. Zikikaza kabla ya kufika alama ya mwisho, adapta ni fupi kidogo. Hiyo vumilia, watengenezaji wengi hufanya hivyo kwa makusudi ili lenzi yoyote ifike mbali, ila usiamini tena namba za umbali zilizoandikwa kwenye lenzi.

Shika pia lenzi na kamera, jaribu kuzitikisa taratibu. Kukiwa na mchezo, fokasi itahama mkononi. Chungulia ndani ya bomba: likiwa linang'aa, mwanga utarukaruka na kupausha picha. Mimi nilibandika karatasi ya mahameli nyeusi ndani ya yangu, na tofauti ilionekana siku hiyohiyo. Baadhi ya adapta za M42 zina skrubu tatu ndogo pembeni. Ukizilegeza unaweza kuzungusha pete ya ndani hadi namba za lenzi zikae juu, kisha unazikaza tena.

Hatua ya 4: Iambie kamera kwamba kuna lenzi

Kamera haioni umeme wowote kutoka kwenye lenzi, inadhani mdomo uko wazi na inakataa kupiga. Kwenye Sony tafuta "Release w/o Lens" uiruhusu. Kwenye Fujifilm ni "Shoot Without Lens". Canon nayo ina kipengele cha namna hiyo. Kwenye Nikon Z unaandika urefu wa lenzi (ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake, kama 58) na apacha yake kubwa katika menyu ya lenzi zisizo na umeme.

Kamera yako ikiwa na kitulizo cha mtikisiko ndani, weka urefu wa lenzi kwa mkono. Kwa Helios chagua namba iliyo karibu zaidi na 58. Kama sensa yako ni ndogo, kama ya Fujifilm X, bado andika urefu halisi wa lenzi, usizidishe kwa 1.5. Ukikosea namba, kitulizo chenyewe ndicho kitakachotia picha ukungu.

Hatua ya 5: Mwanga

Weka kamera kwenye A (kamera inachagua shata) au M (unachagua mwenyewe). Unapofunga apacha, picha kwenye skrini hupata mwanga uleule utakaofika kwenye sensa, kwa hiyo kamera inapima sawasawa. Mimi hupiga M, shata isiyopungua 1/125, ISO, yaani usikivu wa sensa kwa mwanga, nikaiachia kamera.

Helios 44-2 ina pete mbili za apacha, na wengi hukwama hapa. Moja ina namba na hulia tik, tik. Hiyo huweka kikomo. Nyingine huzunguka laini bila mlio, na ndiyo inayofungua na kufunga mabapa. Weka kikomo kwenye f/4. Rudisha pete laini kwenye f/2, kaza fokasi picha ikiwa na mwanga mwingi, halafu bila kuondoa jicho izungushe mpaka igote. Uko f/4. Bonyeza.

Hatua ya 6: Fokasi kwa mkono

Kamera nyingi zitakupa mistari ya rangi kwenye kingo zilizokaza. Itumie kutafuta, usiitumie kuamua. Kwenye f/2 mistari huwaka kwenye pua na kwenye jicho kwa pamoja, na ni kimoja tu kilicho kikali. Weka kitufe kimoja kiwe cha kukuza picha, kuza kwenye jicho lililo karibu nawe, zungusha polepole mpaka uone kope moja moja, na kama ni bibi harusi, mpaka uone ule mstari wa wanja umeachana na ngozi. Vuta pumzi, piga tatu mfululizo. Mtu akisimama hupepesuka kidogo bila kujua, na moja kati ya tatu ndiyo itakayokuwa sawa.

Kwa anayetembea usimfukuze. Chagua alama kwenye zulia, kaza hapo, msubiri akanyage.

Helios hupendwa kwa jinsi inavyozungusha mandharinyuma kama kisulisuli. Haiji yenyewe. Msimamishe mtu kama mita moja na nusu kutoka kwako, apacha f/2, na nyuma yake mita chache kuwe na majani yanayopitisha mwanga, mwarobaini wa saa kumi na moja jioni kwa mfano. Ukuta mtupu hautakupa kitu. Kwenye sensa ndogo 58 hubana kama 87 na kingo zenye kisulisuli hukatwa, kwa hiyo utakipata kwa uchache.

Jua likiwa mbele yako picha itapauka. Nunua kivuli cha lenzi cha uzi wa milimita 49, au ziba kwa kiganja.

Hatua ya 7: Utunzaji

Ukibadilisha lenzi, elekeza mdomo wa kamera chini na ugeukie mbali na upepo. Mimi siitoi adapta kwenye Helios. Nimeinunulia kifuniko cha nyuma cha Sony E, nikaifanya lenzi ya Sony tu. Kila lenzi na adapta yake.

Nyumbani inakaa kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na pakiti za silika jeli na kipimo kidogo cha unyevu. Nataka sindano isome kati ya asilimia 40 na 50. Ikipita 60 nakausha pakiti juani au nabadilisha. Usiiweke kwenye begi la ngozi lililokuja nayo, hata kama ni zuri: ngozi hunyonya unyevu, na begi la mjomba ndilo lililokuwa na fangasi nyingi kuliko lenzi yenyewe.