Jinsi ya kukusanya mabaharia wa risasi wa zamani kwa gemu ya vita ukiwa Mwanza

Wadau wa gemu za vita za mezani, kama uko Mwanza na unataka mabaharia wa zamani usianzie madukani, anzia kwa wauza skrepa na wavuvi. Naongelea wale midoli wa risasi, yani ile metali yenyewe sio ya bunduki. Wavuvi wanayeyusha risasi kutengeneza chubwi za nyavu, na baharia wa risasi kwao ni chubwi tu ambayo haijaingia motoni. Mwaka jana pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki, nilikuta kopo la rangi limejaa vipande vya mabomba, nikachambua mpaka chini nikakuta mabaharia watatu, mmoja hana kichwa, jamaa akaniuzia kwa bei ya kilo kama skrepa nyingine. Ningechelewa siku mbili wangekuwa ziwani sasa hivi.

Wa plastiki utawapata zaidi kwenye belo za midoli ya mitumba, soko la Mlango Mmoja pale uwahi asubuhi wakati wanafungua mzigo. Bunduki ikiwa imepinda itumbukize kwenye maji ya moto kidogo, inyooshe, halafu weka kwenye maji baridi, ila plastiki iliyozeeka ikakakamaa inakatika kama biskuti kwahiyo hiyo iache ilivyo.

Sasa huyu wa risasi utamjuaje. Sumaku haimshiki. Mgeuze usome chini ya kibao anachosimamia, ukiona Britains na Made in England umepata wa Uingereza, kampuni ya William Britain ilianza kuwatoa hawa wenye uwazi ndani 1893, walikuwa wanamimina risasi ya moto kwenye kalibu halafu wanamwaga ya katikati kabla haijaganda, linabaki ganda tu, ndio maana ni mwepesi kuliko unavyotegemea. Mpime na rula, saizi ya kawaida ni milimita 54. Kuna wa sare ya bluu na wa sare nyeupe, wengi wanakimbia na bunduki mkononi.

Usiogope waliovunjika! Mimi wa kuchezea nawataka hao hao, maana ni bei rahisi na huwezi kuwaharibu zaidi. Kichwa kikitoka, chukua kijiti cha kiberiti, kichonge kiwe chembamba, nusu iingie shingoni nusu kichwani, jaribu kwanza bila gundi uone uso unaangalia wapi, ukiridhika weka tone moja la supaglu umshike mpaka uhesabu sitini. Yule wangu wa Mwaloni anasimama hivyo mpaka leo, kichwa nilichukua kwa mwenzie aliyekatika miguu. Ila mwenye rangi yake ya zamani hata kama imebanduka nusu USIMPAKE upya, ukipaka umemuua. Aliyebaki metali tupu huyo mpake unavyotaka.

Kutunza ndio wengi wanaharibu. Ukiwaweka kwenye kabati la mbao, mbao inatoa mvuke wenye asidi, na kwa unyevu wa huku ziwani utaona unga mweupe unaanza miguuni, hiyo ni risasi inaliwa. Weka kwenye boksi la plastiki na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Na risasi ni sumu jamani, usipige msasa, osha mikono kabla ya kula na watoto wadogo wasiwaguse kabisa, wape wale wa plastiki.

Kwa kucheza una vita ya hapa hapa nyumbani. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa na meli wakaivamia Bukoba kubomoa mtambo wa redio wa Wajerumani, na Julai 1916 wakaichukua Mwanza. Bukoba waliopigana nchi kavu walikuwa askari wa jeshi, kwahiyo mabaharia wangu nawaweka kwenye meli na boti za kushushia watu. Sakafu ya sementi inatosha, chora ufukwe kwa chaki, mabaharia kumi kila upande, boti inaenda sentimita 20 kwa zamu, na ikigusa mstari wa chaki rusha dadu, ukipata 4 kwenda juu waliomo wanashuka zamu hiyo hiyo, chini ya hapo wanabaki kwenye boti wakipigwa.