Umepangiwa ubalozi wa Tehran? Soma hapa kuhusu mavazi kabla hujafunga begi

Dada, kama umepangiwa Tehran, Iran, jua hijabu kule ni sheria tangu 1983 na pasi ya kidiplomasia haikutoi kwenye hiyo sheria, Mkataba wa Vienna wa 1961 wa mahusiano ya kidiplomasia kifungu cha 41 unakutaka uheshimu sheria za nchi uliyopo, kinga ni ya kukulinda usikamatwe sio ruhusa ya kufanya utakavyo. Mnaanza mapema, hata picha ya viza piga ukiwa na mtandio.

Mtandio wenyewe chukua wa pamba, hariri inateleza, unajikuta kikao kizima mkono mmoja uko kichwani, weka na pini mbili tatu kwenye pochi. Juu vaa manto, ni kama koti refu jepesi la kufika magotini hivi, mikono mirefu, chini suruali tu inatosha. Baibui la kwetu pia linapita freshi. Ukienda haram, yaani kaburi takatifu, ya Imam Reza kule mji wa Mashhad hapo ni chador kabisa, lile shuka kubwa la kufunika kichwa mpaka miguu, mtandio peke yake hautoshi.

Utaona wadada wa Tehran wengi siku hizi wanatembea kichwa wazi, hasa tangu yale maandamano ya 2022 ya kupinga hijabu ya lazima. Wewe usiige bana, yao ni siasa yao na wewe umebeba bendera.

Ndani ya ubalozi wenu mtandio vua tu.

Makaka kaptula hapana, tai vaeni japo wenyeji wenu hawavai, na mkono usimpe mwanamke mpaka aanze yeye.