Kulisha ndege wa bustanini majira ya baridi Uingereza, kwa kifuu cha nazi

Ndugu mmoja aliyehamia Leicester kutoka Tanga aliniomba nimwelekeze namna ya kulisha ndege uani kwake, maana wanawe walishaanza kuwarushia mikate. Nikaona bora niandike.

Mwezi Desemba usiku wa huku unakaribia saa 16, na yule ndege wa buluu na manjano aitwaye blue tit ana uzito wa gramu 11 hivi. Usiku kucha joto lake linatokana na mafuta aliyoyala mchana. Mkate unamjaza tumbo tu.

Hatua ya 1: Chakula

Anza na alizeti iliyomenywa. Ule mchanganyiko wa bei rahisi uliojaa ngano mimi siununui: wanaofaidi ni njiwa, na kinachomwagika chini ni karamu ya panya. Karanga ziwe hazina chumvi na zimepimwa sumukuvu, kwani ndege nao inawadhuru. Zitie kwenye kilishio cha waya, wazidonoe kidogo kidogo.

Kisha kifuu. Madukani huku wanauza vifuu vilivyojazwa mafuta, ilhali wewe umekuna nazi jana na vyako umevitupa. Chukua nusu yenye macho, ikwangue, isuuze isiote kuvu. Jicho moja huwa laini. Litoboe kwa bisibisi, upitishe waya, ufunge fundo kwa ndani. Buchani omba mafuta ya figo ya ng'ombe, uyayeyushe kwa moto mdogo. Changanya fungu moja la mafuta na mafungu mawili ya mchanganyiko wa alizeti, oti na karanga zilizopondwa, ujaze kifuu, ukiache kigande. Kining'inize mdomo ukiwa chini: mvua haiingii, njiwa hawezi kukining'inia, blue tit anaweza bila shida.

Mafuta yaliyobaki kwenye kikaango usiwape. Yana chumvi, tena ni laini, yanaganda kwenye manyoya. Machicha makavu pia hapana. Huweza kuvimba tumboni mwao.

Hatua ya 2: Mahali

Mita mbili hivi kutoka kwenye kichaka, ndege apate pa kukimbilia na paka asipate pa kuvizia. Kindi atakuja tu. Mzoee.

Hatua ya 3: Maji

Sahani ya kina kifupi yenye jiwe katikati. Yakiganda, toa barafu uweke mengine. Usitie chumvi.

Hatua ya 4: Kuosha na kukausha

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wema wanapoua ndege bila kujua. Kuna vimelea vinavyoshika koo la ndege hadi anashindwa kumeza. Vinapita kwa mate, kwenye chakula na maji wanayoshirikiana. Chiriku wa kijani, greenfinch, walianza kufa kwa ugonjwa huo mwaka 2005, na mwaka 2021 wakaingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza, yaani ya walio hatarini zaidi.

Osha kila wiki, nje, kwa ndoo na brashi ya kazi hiyo tu, ukiwa na glavu. Sinki la jikoni liache. Ila sabuni peke yake haitoshi: vimelea hivi havivumilii ukavu, kwa hiyo chombo kikauke kabisa kabla ya kujazwa. Na Januari huku uani hakikauki kitu! Ndiyo maana nasisitiza uwe na vilishio viwili: kimoja kinaning'inia, kingine kiko ndani karibu na boila, mtambo wa kupasha nyumba joto. Kifuu usikioshe, kitupe. Nazi nyingine inakuja.

Vilishio bapa kama sinia sivitaki kabisa, maana ndege wanakula na kunya papo hapo. Shirika la ndege la RSPB lenyewe lilisitisha kuviuza mwaka 2025.

Ukimwona ndege amejivimbisha manyoya, mdomo umelowa, na hakuogopi ukimsogelea, ondoa kila kitu siku hiyo hiyo, maji pia, kwa wiki mbili au zaidi. Mwambie na jirani aondoe vyake, la sivyo wagonjwa wote watahamia kwake. Ndege aliyekufa usimguse kwa mikono mitupu.

Na weka chakula kinachoisha kwa siku moja au mbili. Mbegu zilizolowa na kuota ukungu, tupa.

Hatua ya 5: Kutazama

Wanakula sana asubuhi kunapopambazuka, na tena saa tisa alasiri kabla ya giza. Robini, mwenye kifua chekundu, ndiye anayeimba hata wakati wa baridi. Mbayuwayu usiwangoje, wako Afrika mpaka karibu Aprili.

Wikiendi ya mwisho ya Januari RSPB huwaomba watu wahesabu ndege kwa saa moja. Wanafanya hivyo tangu 1979. Usijumlishe kila anayetua, maana shomoro yule yule anarudi mara nyingi. Andika idadi kubwa uliyoiona kwa pamoja: wakija watatu, halafu watano, halafu wawili, andika watano.