Namna ya kutafsiri neno "time" kwa Kifaransa kwa kupitia Kiswahili

Binti mmoja anayefanya kazi kwa wakala wa mizigo hapa Mbeya aliniletea barua ya Kiingereza iliyotakiwa kufika Lubumbashi ikiwa kwa Kifaransa, kwa kuwa malori yanayopita Tunduma na kuvuka Zambia humalizia safari Kongo, nchi ambayo karatasi za serikali huandikwa kwa lugha hiyo. Neno "time" lilikuwamo mara tisa, naye aliandika "temps" mara zote tisa, na ni matatu tu yaliyokuwa sahihi. Nimeandika hapa njia tuliyoifuata kuirekebisha.

Hatua ya kwanza: andika sentensi kwa Kiswahili kabla ya kugusa Kifaransa. Simu iweke kando, utumie daftari na kalamu, kwa sababu programu za kutafsiri hukupa jibu kabla hujajua swali. Kiingereza kimekirundika katika neno moja kile ambacho Kiswahili na Kifaransa vimekigawa. Ukipata "muda" au "wakati", neno lako kwa kawaida ni "temps": sina muda, "je n'ai pas le temps". Ukipata "saa", ni "heure". Ukipata "mara", ni "fois". Ukipata "enzi", ni "époque", kiasi kwamba anayeandika maelezo ya wageni wa Kalenga, Iringa, kuhusu enzi za chifu Mkwawa ataandika "à l'époque de Mkwawa". Binti yule alikuwa ameuliza saa ya kupakua mzigo kwa "quel temps", ilhali "quel temps fait-il ?" ni swali la hali ya hewa, na jibu lake hapa Mbeya mwezi Julai ni "il fait froid", yaani kuna baridi.

Hatua ya pili ni "mara", nayo haina taabu. "Fois" ni neno la kike na huishia kwa "s" hata likiwa moja: "une fois" (mara moja), "la première fois" (mara ya kwanza), "combien de fois" (mara ngapi). Hata katika hesabu tunakutana, kwani tatu mara nne ni "trois fois quatre".

Hatua ya tatu: saa. Hapa uwe mwangalifu, kwa sababu njia ninayoisifu ndiyo iliyoniumbua. Niliwahi kutafsiri notisi iliyotaka lori lipokelewe "at eight in the morning", nikaandika daftarini "saa mbili asubuhi", kisha kwa utiifu wote nikaandika "à deux heures du matin", yaani saa nane za usiku. Mteja alirudisha karatasi akisema kuna kosa bila kutaja lipi, nami nikashinda mchana kutwa nikikagua vitenzi na viambishi, huku tarakimu ikinitazama. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni kwamba neno lipitie Kiswahili lakini tarakimu isipite. Kiingereza na Kifaransa vyote huhesabu kuanzia usiku wa manane, hivyo nane ya Kiingereza ni "huit heures" moja kwa moja. Chanzo kikiwa cha Kiswahili, ongeza au punguza sita.

Kanuni hiyo nayo ina mpaka wake. Kazi inayochukua saa mbili ni "deux heures" bila kuongeza wala kupunguza chochote, kwa kuwa huo ni urefu wa muda, si alama ya saa ukutani. Hivyo jiulize kila mara kama sentensi inajibu "lini" au "kwa muda gani". Katika karatasi za kazi mimi hukataa kabisa "du matin" (asubuhi) na "du soir" (jioni), ambazo naziachia mazungumzo, nikaandika kwa mfumo wa saa 24: saa nane na nusu mchana ni "14 h 30", na saa tatu usiku ni "21 h". Mwisho, Lubumbashi iko nyuma yetu kwa saa moja na Kinshasa kwa saa mbili, kwa hiyo ongeza "heure de Lubumbashi" baada ya tarakimu, la sivyo mpokeaji na dereva watasubiriana.

Hatua ya nne ni "on time" na "in time", ambazo sisi sote huziita "kwa wakati". Kama kuna saa iliyopangwa, kwa mfano ya basi, andika "à l'heure". Kama hakuna, na jambo lenyewe ni kuwahi kabla mambo hayajaharibika, kama parachichi za Rungwe zinazofika sokoni kabla hazijaoza, andika "à temps".

Hatua ya tano: "for a long time" kwa hali inayoendelea huwa "depuis longtemps", na kitenzi hubaki katika wakati uliopo. Aishiye Iringa miaka mingi atasema "j'habite à Iringa depuis longtemps".

Yaliyobaki ni ya kukariri, kwa sababu Kiswahili hakikufikishi popote. "Once upon a time", yaani hapo zamani za kale, ni "il était une fois". "We had a good time" ni "nous nous sommes bien amusés", ambamo neno lenyewe hutoweka, kama linavyotoweka tunaposema tulifurahi sana.